Kipimo cha haraka hasi, PCR chanya: mama bado anaambukiza?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71. Alilazwa ili awekewe nyonga bandia, upasuaji uliopangwa muda mrefu. Hakuwa na kikohozi wala homa. Kabla ya kupewa kitanda walimchukua sampuli puani. Kipimo cha haraka kikaonyesha hana kitu, akapelekwa kwenye chumba cha wagonjwa sita. Kesho yake majibu ya kipimo cha maabara kiitwacho PCR, kutoka sampuli ya siku ileile, yakasema ana virusi vya korona. Wakamhamishia chumba cha peke yake na upasuaji ukaahirishwa. Sasa zimepita wiki tatu, hana dalili yoyote, wamempima PCR tena na bado ni chanya. Ndugu tumegawanyika. Wapo wanaosema vipimo ni vya uongo, na wapo wanaoogopa hata kumkaribia. Kuna haja gani ya kumpima mtu asiyeumwa kifua? Tuamini kipimo kipi? Na je, bado anaambukiza?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowaumiza nyumbani. Mtu asiye na dalili, ambaye kinga yake ya mwili iko sawa, na ambaye zimepita wiki tatu tangu akutwe na virusi, kwa uwezekano mkubwa kabisa haambukizi tena, hata kama PCR inaendelea kusema chanya. Mkaribieni mama yenu, mkumbatieni. Lipo kundi la wagonjwa ambao kanuni hii haiwahusu, nitalitaja mbele kidogo. Ukiona mama yumo, ongea kwanza na daktari wake.

Kuhusu vipimo viwili vya siku ya kwanza, hakuna kilichodanganya. Kila kimoja kilitafuta kitu chake. Shida ni kwamba hospitalini sampuli ya puani huchukuliwa kwa sababu zaidi ya moja, na mara nyingi mgonjwa haelezwi ni ipi. Pengine daktari anataka kujua kinachomuumiza mgonjwa ili ampe dawa sahihi. Pengine anataka kujua kama mgonjwa huyu anaweza kumwambukiza aliyelala kitanda cha jirani. Pengine daktari wa usingizi anataka kujua kama mapafu yako salama kwa upasuaji. Hayo ni maswali tofauti, na kipimo kinachofaa sana kwa swali moja kinaweza kupotosha kabisa kwa jingine. Ukilijua swali lililoulizwa, majibu uliyopewa yatakaa mahali pake.

PCR hutafuta vinasaba vya virusi. Virusi vya korona hubeba vinasaba vya aina ya RNA. Maabara huigeuza kuwa DNA, kisha mashine huzidisha vipande fulani vilivyochaguliwa, mzunguko baada ya mzunguko, kila mzunguko ukifanya nakala kuwa karibu mara mbili. Mizunguko 20 hutoa nakala kama milioni moja kutoka kipande kimoja, na mizunguko 30 hufikisha bilioni. Mbinu hii ilibuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, na ndiyo iliyoiwezesha maabara ya Christian Drosten kule Berlin kutoa kipimo cha virusi hivi Januari 2020, siku chache tu baada ya mpangilio wa vinasaba vyake kuwekwa hadharani. Nguvu yake ni kunasa hata kidogo sana. Udhaifu wake unatokana na nguvu hiyohiyo: haibagui kati ya virusi hai vinavyoweza kuambukiza na mabaki ya virusi ambavyo mwili umeshaviua.

Kipimo cha haraka hakizidishi chochote. Hutafuta protini ya virusi kama ilivyo ndani ya sampuli, na protini hiyo isipokuwa nyingi vya kutosha, mstari hauonekani. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake Septemba 2020 liliweka kiwango cha chini: kipimo kinase angalau asilimia 80 ya walioambukizwa ikilinganishwa na PCR, na kiwape majibu sahihi ya hasi angalau asilimia 97 ya wasio na maambukizi. Kwa hiyo hata kifaa kilichofikia kiwango huacha watu wakapita, na wanaopita zaidi ni wale wenye virusi vichache: walio mwanzoni kabisa mwa maambukizi, walio mwishoni, na wengi wasio na dalili. Mama yako alikuwa katika hali mojawapo kati ya hizo.

Ilikuwa mwanzo au mwisho? Majibu mawili ya siku moja hayatoshi kusema, na hapa ndipo ipo namba ambayo ningependa ndugu wa mgonjwa waizoee kuiuliza. Maabara huiita Ct: ni idadi ya mizunguko iliyohitajika kabla mashine haijaona virusi. Ct ya 18 maana yake virusi vilikuwa tele hata vikaonekana mapema. Ct ya 36 maana yake mashine ilihangaika hadi karibu na mwisho. Tofauti ya mizunguko 18 kati ya hizo mbili ni zaidi ya mara 250,000 kwa wingi wa vinasaba, ingawa majibu ya karatasi yatasoma neno moja tu, chanya. Ukirudia PCR baada ya siku moja au mbili na namba ikashuka, maambukizi yanapanda. Ikiongezeka, yanaelekea kwisha. Namba hizi hazilinganishwi kati ya mashine tofauti, na sampuli iliyochukuliwa vibaya huipandisha Ct bila virusi kupungua. Isomwe na mtu wa maabara au daktari anayeijua mashine yao, isichukuliwe kama daraja la mtihani.

Hilo la sampuli kuchukuliwa vibaya linastahili kutazamwa kwa karibu, maana majibu mengi ya uongo huzaliwa pale kitandani, kabla kitu chochote hakijafika maabara. Sampuli ya nyuma ya pua inatakiwa ichukuliwe hivi. Mgonjwa anainua kidevu, kichwa kinalala nyuma kidogo. Kijiti chembamba kinaingizwa taratibu kikifuata sakafu ya pua, sambamba na kaakaa. Kisielekezwe juu kuelekea macho. Kinakwenda hadi kigote, umbali unaokaribia ule wa kutoka tundu la pua hadi tundu la sikio. Kinaachwa pale sekunde kadhaa kinyonye majimaji, kisha kinazungushwa polepole huku kikitolewa. Mgonjwa hutokwa machozi, na hilo ni kawaida. Anayekuambia hakuhisi chochote, pengine kijiti kiliishia mlangoni mwa pua. Vipo vipimo vilivyotengenezwa kwa sampuli ya mbele ya pua, na kwa hivyo ni sawa kabisa. Kosa ni kuchukua sampuli ya mbele kwa kipimo kilichotengenezewa nyuma.

Kijiti nacho kina masharti. Kiwe cha nyuzi za kutengenezwa viwandani na mpini wa plastiki. Pamba ya kawaida na mpini wa mti vinaweza kuizuia PCR isifanye kazi. Baada ya hapo kijiti kinatumbukizwa kwenye kichupa chenye maji ya kuhifadhia virusi, kinaandikwa jina pale pale mbele ya mgonjwa, na kinawekwa kwenye baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8, kwa muda usiozidi saa 72. Kikichelewa zaidi ya hapo kinahitaji friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Kichupa kilichosahaulika juu ya meza ya wodi mchana kutwa kinaweza kumgeuza mgonjwa wa kweli kuwa hasi.

PCR nyingi zina kinga ya ziada ambayo watu wengi hawaijui: pamoja na vinasaba vya virusi, hutafuta pia jeni la binadamu, mara nyingi lile liitwalo RNase P. Lisipoonekana, maabara inajua kijiti hakikugusa chembe za mgonjwa, na sampuli inarudishwa. Vipimo vya haraka kwa kawaida havina kinga hiyo. Ule mstari wa C huonyesha tu kwamba majimaji yamepita na kifaa kinafanya kazi. Haukuhakikishii kwamba kijiti kilifika kilipotakiwa. Na kifaa kisomwe ndani ya dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, kwa kawaida 15 hadi 30. Kikiachwa mezani hadi zamu iishe, mstari hafifu unaweza kujitokeza ambao hauna maana yoyote. Nimewaona wauguzi wakibishana juu ya mstari wa namna hiyo. Jibu ni kutupa kifaa na kupima upya.

Jambo la pili linaloamua majibu ni siku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 2020 walikusanya tafiti zilizokuwepo kuhusu PCR na kutazama ni wangapi hukosewa kulingana na siku tangu waambukizwe. Siku ya kwanza kipimo hakikumnasa mtu yeyote. Siku ya nne kiliwakosa karibu asilimia 67. Siku dalili zinapoanza, bado kiliwakosa asilimia 38, na siku ya nane, ambapo kilifanya vizuri kuliko siku zote, kiliwakosa asilimia 20. Hizo ni takwimu za virusi vya mwanzo. Aina zilizofuata, kama Omicron, huonyesha dalili mapema zaidi, kwa wastani siku kama tatu. Lakini mafunzo yake yamebaki: aliyeambukizwa jana, ukimpima leo kwa kipimo bora kuliko vyote duniani, atatoka hasi. Ndiyo maana daktari makini hamruhusu mgonjwa mwenye homa, kikohozi na picha ya kifua yenye mabaka atoke kwenye chumba cha kutengwa kwa hasi moja tu. Anarudia. Na mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, ikiwa pua imetoa hasi, anachukuliwa majimaji kutoka chini kwenye njia ya hewa, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa umeshashuka kwenye mapafu wakati pua imebaki safi.

Sasa swali lako la kwanza, ambalo ndugu zako wanaliuliza kwa hasira na wana haki ya kuliuliza: kwa nini kumpima mtu asiyeumwa kifua?

Tazama yaliyotokea hospitalini miaka ya nyuma. Mwaka 2003, mgonjwa mmoja aliyelazwa Hong Kong kwa nimonia iliyodhaniwa ya kawaida aliwekwa kwenye wodi ya watu wengi na kupewa dawa ya kuvuta kwa mvuke. Ilikuwa SARS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na virusi vya jamii ya korona. Madaktari wa hospitali hiyo waliripoti watu 138 waliougua katika mlipuko huo, zaidi ya nusu yao wakiwa wahudumu wa afya na wanafunzi wa udaktari. Mwaka 2015 msafiri mmoja aliyerudi Korea Kusini kutoka Mashariki ya Kati akiwa na MERS, ugonjwa wa jamii hiyohiyo, alizunguka kwenye vituo kadhaa vya tiba kabla ya kutambuliwa tarehe 20 Mei. Mgonjwa aliyeambukizwa kutoka kwake akakaa idara ya dharura ya hospitali moja ya Seoul, na hapo peke yake watu zaidi ya 80 wakaambukizwa. Mlipuko ulipokwisha, wagonjwa walikuwa 186 na waliokufa 38. Hospitali hukusanya chini ya paa moja wazee, wenye saratani, watoto njiti na watu waliotoka kupasuliwa, kisha huwapitishia wahudumu walewale kitanda hadi kitanda. Virusi vya njia ya hewa havihitaji nafasi nzuri zaidi ya hiyo.

Hata hivyo SARS na MERS vilikuwa na jambo moja lililowasaidia madaktari. Mgonjwa wa SARS aliambukiza zaidi akiwa ameshazidiwa, kwa hiyo kumtenga mwenye homa na kikohozi kulitosha kwa sehemu kubwa kuuzima ugonjwa. Virusi vya korona vya 2020 havikuwa hivyo. Wingi wake hufika kileleni karibu na siku dalili zinapoanza, na mtu huweza kuambukiza siku mbili kabla hajakohoa hata mara moja. Wengine hawakohoi kamwe. Hospitali mbili za New York ziliwapima akina mama wote waliokuja kujifungua kati ya tarehe 22 Machi na 4 Aprili 2020. Walikuwa 215. Wenye dalili walikuwa wanne tu, na wote wanne walikutwa na virusi. Kati ya wasio na dalili, waliopimwa walikuwa 210, na 29 walikutwa navyo. Fikiria mkunga aliyevaa barakoa kwa wale wanne tu: angepita mikononi mwa wengine 29 bila kujua. Kwa wakati ule, kumpima kila anayelazwa kulikuwa na maana kamili, na mimi nililiunga mkono kwa nguvu zote.

Lakini maana hiyo hubadilika kadiri ugonjwa unavyopanda na kushuka katika jamii, na hapa hesabu ndogo inasaidia kuliko maneno mengi. Chukua wagonjwa 1,000 wasio na dalili na uwapime kwa kipimo cha haraka kilichofikia kile kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Ikiwa ni wakati ambapo asilimia 1 wameambukizwa, wenye virusi ni 10, na kipimo kitawanasa 8. Wasio navyo ni 990, na asilimia 3 yao, yaani kama 30, wataambiwa wanavyo. Una chanya 38, na karibu 30 kati yao ni za uongo. Wakati wa wimbi kubwa, ambapo asilimia 20 wameambukizwa, kifaa kilekile kitanasa wagonjwa 160 wa kweli na kuwasingizia 24. Chanya sasa inaaminika, ila wagonjwa 40 wenye virusi wamepita wakiwa na karatasi ya hasi. Kifaa hakikubadilika hata kidogo.

Wale 30 waliosingiziwa wananiuma zaidi, na nitaeleza kwa nini. Pale vyumba vya mtu mmoja vinapokosekana, hospitali huwaweka wenye chanya pamoja katika wodi moja. Mgonjwa mwenye nyonga iliyovunjika, mzima wa mapafu, aliyesingiziwa na kipimo cha haraka, anaweza kulazwa katikati ya watu wenye virusi kweli, na huko ndiko akaambukizwa. Kwa hiyo chanya ya kipimo cha haraka kwa mtu asiye na dalili, wakati ugonjwa ni haba, ithibitishwe kwa PCR kabla ya kumchanganya na wenye ugonjwa. Akingoja, angoje peke yake, hata kama ni nyuma ya pazia kwenye kona yenye dirisha.

Hesabu za namna hiyo, pamoja na chanjo na kinga iliyojengeka kwa watu wengi, ndizo zilizobadilisha miongozo. England ilisimamisha upimaji wa kawaida wa wasio na dalili mwishoni mwa Agosti 2022. Desemba mwaka huohuo, chama cha Marekani cha wataalamu wa kuzuia maambukizi hospitalini, SHEA, kilishauri hospitali ziache kumpima kila anayelazwa bila dalili kama utaratibu wa kudumu, kwa sababu faida imekuwa ndogo huku madhara yakibaki: wagonjwa kukwama idara ya dharura wakingoja majibu, upasuaji kuahirishwa, watu kutengwa bila sababu. Kilichopendekezwa ni kutilia mkazo kinga zinazofanya kazi iwe mgonjwa amepimwa au hajapimwa: hewa inayobadilishwa ndani ya wodi, barakoa wakati wa wimbi, mhudumu mwenye mafua kukaa nyumbani. Maana virusi huingia wodini pia kupitia wahudumu na wanaokuja kuwaona wagonjwa, nao hawakupita kwenye kipimo cha mapokezi.

Msimamo wangu mimi ni huu. Kila mgonjwa mwenye dalili za njia ya hewa apimwe mara moja, kwa PCR au kipimo kingine cha vinasaba, na kwa sampuli hiyohiyo zitafutwe pia homa ya mafua (influenza) na RSV, virusi vingine vya njia ya hewa, kwa kuwa dalili hazitofautishi na hatua hazifanani. Mgonjwa aliyelazwa akishukiwa homa ya mafua huanzishiwa oseltamivir bila kungoja majibu, kwa kuwa dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo; na RSV, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya ni mafua tu, inaweza kumzimisha pumzi mtoto mchanga. Wasio na dalili wapimwe pale ambapo majibu yatabadilisha hatua: wodi za saratani na za waliopandikizwa viungo, kunapokuwa na mlipuko ndani ya hospitali, na kabla ya upasuaji mkubwa kwa watu wenye hatari, hasa wakati wa wimbi. Mama yako, mwenye miaka 71 na anayekwenda kupasuliwa, anaingia humo. Kwa hiyo kumpima siku ya kwanza sikuoni kuwa kosa.

Kumlaza chumba cha watu sita kabla majibu ya PCR hayajatoka ndiko ninakokuhoji. Kama hospitali iliona kuna sababu ya kutuma sampuli maabara, ilikuwa inajua kwamba hasi ya haraka haitoshi. Wale watano waliolala naye walistahili kuambiwa na kufuatiliwa: kuangaliwa dalili kila siku na kupimwa kwa kurudia, kwa mfano siku ya kwanza, ya tatu na ya tano baada ya kukaa karibu naye, kwa sababu ile ile ya siku niliyoieleza. Ukipata nafasi, uliza kama lilifanyika. Kuuliza hakumaanishi kwamba unakiri kosa kwa niaba ya mama. Hana kosa lolote.

PCR ya wiki ya tatu ndiyo iliyoleta ugomvi nyumbani kwenu, nayo kwa maoni yangu haikuhitajika. Mabaki ya vinasaba huweza kuendelea kuonekana puani kwa wiki kadhaa, wakati mwingine hadi miezi mitatu, baada ya mtu kupona. Watafiti wa Ujerumani waliofuatilia wagonjwa tisa wa Munich mwaka 2020 walijaribu kuotesha virusi hai kutoka sampuli zao: baada ya siku ya nane ya dalili hawakupata hata kimoja, ingawa PCR iliendelea kuwa chanya. Tafiti nyingi zilizofuata zilionyesha picha hiyohiyo kwa walioumwa kidogo, kwamba ikifika siku ya kumi virusi hai huwa nadra. Kwa hiyo kumtumia PCR mtu aliyepona karibuni ili kujua kama anaambukiza ni kuuliza swali ambalo kipimo hicho hakikutengenezwa kulijibu. Kama hospitali inataka uhakika zaidi, kipimo cha haraka, kile kile kilichoonekana dhaifu siku ya kwanza, hapa kinafaa kuliko PCR, kwa sababu hutoka chanya zaidi pale virusi vinapokuwa vingi.

Lile kundi nililoahidi kulitaja ni watu ambao kinga yao imedhoofika sana: wanaopata tiba ya saratani ya damu, waliopandikizwa viungo, wenye VVU ambao kinga yao imeshuka mno, na wanaotumia dawa zinazozima kinga. Hao wanaweza kutoa virusi hai kwa wiki nyingi, hata miezi, na kutengwa kwao huondolewa kwa kufuata vipimo vinavyorudiwa na Ct, siku peke yake haitoshi. Waliougua sana hadi kuhitaji oksijeni nao hupewa muda mrefu zaidi, hadi siku 20. Kama mama hana hali hizi, ya kwake yamekwisha.

Kuhusu upasuaji, kuahirisha kulikuwa sahihi kwa usalama wake mwenyewe, hata tukiacha suala la kuambukiza wengine. Utafiti wa kimataifa wa COVIDSurg uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu wagonjwa 1,128 waliokuwa na virusi hivi karibu na siku ya kupasuliwa, na karibu robo yao walifariki ndani ya siku 30. Ulikuwa wakati wa kabla ya chanjo na wengi walikuwa wa dharura, kwa hiyo msiichukue namba hiyo kama hatari ya mama leo. Mwaka 2021 kundi hilohilo, likiwa na wagonjwa zaidi ya 140,000 kutoka nchi 116, lilishauri kungoja angalau wiki saba. Baadaye, kwa watu waliochanjwa na walioumwa kidogo, miongozo ililegea: mwaka 2023 madaktari wa usingizi wa Marekani walishauri upasuaji wa kupangwa usifanyike ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kati ya wiki ya pili na ya saba kila mgonjwa aamuliwe kwa hali yake. Mama yuko hapo katikati. Kama nyonga ingekuwa imevunjika ningesema tofauti kabisa, kwa sababu mzee mwenye nyonga iliyovunjika hudhurika kwa kila siku anayolala bila kupasuliwa. Kwa nyonga iliyochakaa, wiki chache za ziada ni maumivu, ambayo siyapuuzi, lakini hazihatarishi maisha.

Mnaporudi kliniki bebeni majibu yote matatu yakiwa na tarehe zake, na ombeni kuonana na daktari wa usingizi mwenyewe. Mwelezeni kama mama anachoka upesi kuliko kabla, kama anapumua kwa shida akilala chali, na dawa zote anazotumia. Akisema hamtapangiwa siku hadi PCR iwe hasi, mwombeni kwa heshima awashirikishe wataalamu wa kuzuia maambukizi wa hospitali, maana sharti hilo linaweza kumsubirisha mama miezi bila faida. Na katika muda huu wa kungoja, akipata maumivu ya kifua, pumzi ikimbana ghafla, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni idara ya dharura siku hiyohiyo na mwaeleze kwamba alikutwa na virusi vya korona hivi karibuni, ili watafute damu iliyoganda kwenye mishipa.